Msimu Kikohozi Alipoongezwa Nguvu

Jumamosi, mwezi pili Mfunguo Nne, mwaka 1378 wa Hijria

Miaka mitatu, mjukuu wangu Kazija! Watu wanakwenda Maka, wanatufu, wanarudi na zamzam, wewe kutoka Tanga tu kumekushinda. Boti za Tanga zinaingia Wete kila wiki. Kila wiki namtuma mtu aangalie wanaoshuka, na kila wiki ananirudia na habari za watoto wa wenzangu. Mumeo hakukufunga kamba, namjua, mie ndiye niliyemchunguza kabla hujaolewa. Najua ulikosana na baba yako. Ulisimama mlangoni pangu na mzigo wako kichwani ukasema, "Baba hajui kusema nimekosa, na mie sirudi mpaka ajue." Haya, ulikosana na yeye. Mie ulikosana nami?

Ukiona nimekasirika, mke mwenzangu, ujue bado sijaanza.

Basi nimenunua daftari. Skuli sikuingia hata kuchungulia dirishani. Herufi nilizo nazo ni zile za chuo cha Kurani, za kibao na wino wa masizi, na kwa hizo hizo nitakuandikia. Siku yenye jambo nitakuandikia jambo. Siku isiyo na jambo nitakuandikia ujue kuwa nilikuwa hai. Utakuja usome hapa ukumbini, mbele yangu, nikuone uso.

Jambo lenyewe ni gari. Kikohozi, lile lori la vita la baba yako, lingali hai. Mwaka huu mikarafuu imebeba mpaka matawi yanavunjika, na Mzee Jaribu, mwenye shamba lile la juu, kamwambia baba yako: "Khatib, ukiweza kuvuta na tela, mzigo wa shamba zima ni wako mpaka Chake. Usipoweza, nitatafuta gari jengine." Na Kikohozi unamjua. Mlima wa Mkungu Mmoja, bila ya tela, abiria wanashuka wakamsukuma. Kwa hiyo baba yako kaamua kumtia nguvu. Kampata fundi, na mashine inafumuliwa Jumatatu.

Mie sitaki. Nimemwambia sitaki. Mlima ule kuupanda ni kazi, lakini kuushuka, kule chini kuna kona, na baada ya kona kuna mto. Nilizaa wanne nikabakishiwa mmoja, na huyo mmoja ndiye kila siku anakaa mbele ya mzigo.

Jumatatu, mwezi nne

Kikohozi kafumuliwa. Kalala uani kwa fundi Mabruki, Chake, mdomo wazi, matumbo yamepangwa juu ya gunia. Nilikwenda mwenyewe kuangalia.

Mabruki humjui vizuri, ulipoondoka alikuwa ndiyo kwanza kafungua karakana. Babake alitoka bara kuja kupalilia mikarafuu, yeye kazaliwa hapa hapa. Mrefu, mkimya, mafuta yamemuingia mikononi hata ndimu haiyatoi. Nikamuuliza:

"Unamfanya nini mwanangu?"

"Mwanao sijamgusa, bibi. Nalifanya gari."

"Basi nieleze, na unieleze kama mtu anayesema na mtu."

Akanieleza, tena taratibu, hakunidharau. Kichwa cha mashine kitakwanguliwa kidogo, unene wa ukucha, ili moto ubanwe zaidi ndani. Valvu zitasagwa zikae sawasawa. Kabureta kaitoa kwenye lori lililokufa huko Wete, yenye koo pana kuliko ya Kikohozi. Bomba la moshi litakuwa jipya, nene. Na rejeta ataiongeza safu moja, maji yasichemke mlimani.

"Hapo atapata nguvu za farasi kumi zaidi, au kumi na mbili," akasema. "Si nyingi. Gari lenyewe zee, ukilizidishia litapasuka."

"Pemba hii farasi umemuona wapi? Muongezee punda, tunaowajua."

Baba yako aliona haya. Mabruki alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Nikamwambia, "Usicheke kwanza. Nguvu za kwenda umemuongezea. Za kusimama je?"

Akaacha kucheka. "Hilo, bibi, nilikuwa namngoja Khatib aniulize."

Khatib akatazama pembeni.

Jumatano, mwezi sita

Baridi. Magoti yananiuma. Hakuna jambo.

Ijumaa, mwezi nane

Matano alipita baada ya sala. Jirani yetu yule ulimi wake haujui kupumzika, huo ungali vile vile. Kakaa barazani, kanywa kahawa yangu vikombe vitatu, kisha ndipo alipolitoa.

"Bi Mwanamize, siku hizi mtu hamuachii gari lake yeyote tu. Mabruki si wa upande wetu."

"Gari linapiga kura, Matano?"

"Gari halipigi. Fundi anapiga. Na gari lenye tela, kwenye mlima ule, ni kulegeza msumari mmoja tu."

Nilimfukuza. Lakini sikufichi, Kazija: maneno yale yalibaki ndani baada ya yeye kuondoka. Tangu zile kura za mwaka jana watu hapa wananunua chumvi kwa kuulizana kwanza, duka la nani. Nilikuwa nawacheka. Leo nilipokuwa napepeta mchele nilijikuta nauhesabu msumari ule.

Jumapili, mwezi kumi

Leo Ashura, nimefunga. Adhuhuri nikasikia ngurumo njiani nikadhani mvua. Kikohozi! Hakohoi tena. Anatoa sauti nzito kama mtu mzima aliyekasirishwa, na watoto wote wa hapa Pujini wanamkimbilia nyuma. Baba yako kakaa mbele, shingo kaisimamisha kama bwana harusi, na Mabruki ubavuni mwake kainamisha kichwa, anaisikiliza mashine.

Kwenye bonde basi la Chake lilikuwa limezama topeni tangu asubuhi. Ni basi lile ambalo watu wa upande wetu hawalipandi. Baba yako akataka kupita. Mabruki akamwambia, "Simama. Unataka kumjaribu, unapata wapi mzigo bora kuliko huu?" Wakafunga mnyororo. Kikohozi kajikaza mara moja, basi likatoka topeni kwa sauti kama ya mtu anayefyonza embe. Watu wa basi walipiga makofi, na watu wetu pia walipiga, kisha wakakumbuka wakaacha.

Mabruki alipokuwa anaondoka alimshika baba yako mkono mbele yangu. "Khatib, sikiliza. Mashine nimemaliza. Breki bado. Mafuta ya breki yamekwisha madukani, Chake hakuna, Wete hakuna, nimeyaagiza Unguja. Yaliyomo ndani machache na yamechoka. Usivute tela yenye mzigo mpaka yaje, nije niyatie kwa mkono wangu."

"Lini yatakuja?"

"Meli ikija."

"Na Mzee Jaribu atangoja meli?"

"Mlima hautamngoja Mzee Jaribu."

Nilimpenda kwa neno lile. Kisha nikamkumbuka Matano, nikajiuliza kwa nini yeye fundi amalize kila kitu aache hicho tu.

Jumatatu, mwezi kumi na moja

Meli haijaja.

Jumatano, mwezi kumi na tatu

Haijaja. Mzee Jaribu katuma mtu kuuliza. Baba yako hakula.

Alhamisi, mwezi kumi na nne

Kaja jikoni mchana, jua kali, mie nakuna nazi.

"Mama, una mafuta ya nazi?"

"Ya nywele au ya kula?"

"Yaliyo safi. Yaliyochujwa vizuri."

"Ya nini?"

"Ya kulainishia."

Nikampa chupa nzima, mpya, ya mafuta niliyoyapika kwa mkono wangu na kuyachuja kwa kitambaa mara mbili. Si unajua hapa kwetu: bawaba ikilia, mafuta ya nazi, cherehani ikikaza, mafuta ya nazi, mtoto akikohoa, mafuta ya nazi kifuani. Nilifurahi kumsaidia. Siku nyingi hajaniomba kitu.

Ijumaa, mwezi kumi na tano

Alasiri Kikohozi kavuta tela iliyojaa makonyo ya karafuu, kapanda Mkungu Mmoja bila ya kusukumwa na kashuka salama. Nikamuuliza baba yako, "Mafuta ya breki yamefika?"

Akasema, "Mambo ya breki tayari, mama."

Jumamosi na Jumapili

Kavuta alasiri zote mbili. Salama. Mzee Jaribu kamletea kilemba.

Jumatatu, mwezi kumi na nane

Naandika haraka, ukishindwa kusoma mahali uliza.

Leo ilikuwa mara ya kwanza kushuka alfajiri. Mzee Jaribu alitaka karafuu zake kavu ziwe za mwanzo kufika ghalani, kwa hiyo Kikohozi alilala kulekule juu shambani, kapakiwa, na baada ya sala akaanza kushuka. Kulikuwa na baridi, umande unadondoka kwenye makuti. Mie nilikuwa natoka kisimani. Nilisikia ngurumo, kisha honi. Honi ndefu, haikatiki. Nikaweka ndoo chini. Nikawa nasema jina lake tu, Khatib, Khatib, kama mtu anayemuita mtoto aje kula.

Kisha mshindo.

Nilifika na watu. Kikohozi kaingia baina ya mikarafuu miwili, kajibana kama ng'ombe mlangoni. Tela imelala ubavu. Magunia yamepasuka na karafuu zimemwagika barabara nzima, watu wanakuja mbio na kila wanachokanyaga ni mali. Baba yako kakaa chini, damu imemtoka kwenye paji mpaka kidevuni. Nilimshika uso kwa mikono miwili. Nilimpapasa kila mahali mbele za watu, mtu mzima yule, mbavu, mikono, shingo. Mzima. Paji limepasuka na kifundo cha mkono kimevimba, basi. Alikuwa kaona hafiki kwenye kona, kaligeuza gari mwenyewe kwenye miti. Hatua mia kutoka mtoni, Kazija. Nimezihesabu.

"Imekuwaje?"

"Breki, mama. Nimekanyaga, ngumu. Kama kukanyaga jiwe. Haikwenda chini."

Matano alikuwa tayari hapo. Alinitazama tu, akatikisa kichwa, na mie nikayasema maneno yote kwa niaba yake ndani ya moyo wangu.

Jumanne, mwezi kumi na tisa

Mabruki kaja bila ya kuitwa, kwa baiskeli kutoka Chake. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, gari limeshavutwa mpaka uwanjani kwetu. Kapanda, kakanyaga breki. Inashuka, inarudi. Kakanyaga tena. Akamwambia baba yako alitembeze, akalitembeza, likasimama pale pale walipotaka.

"Inashika," Mabruki akasema. Uso wake ulikuwa umepotea njia. "Sielewi. Ngoja nifungue niangalie ndani."

"Usifungue," baba yako akasema.

"Khatib, lazima…"

"Nimesema usiguse gari langu."

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mie nikaona mwanangu na bendeji kichwani, nikaona fundi na spana, na ule msumari wa Matano ukanichoma. Nikasimama mbele yake. Sitakuandikia yote. Nilimwambia kafanya hila. Nilimwambia damu ya mwanangu imo mikononi mwake, na haitoki kama yasivyotoka mafuta. Nilimwambia arudi kwao. Kwao, Kazija. Mtu aliyezaliwa mwendo wa saa moja kutoka hapa.

Nilimtazama baba yako nikidhani atanizuia, au ataniunga mkono. Alikuwa anatazama ardhi.

Mabruki alikusanya spana zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Akaja mbele yangu akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi," akasema, akapanda baiskeli yake.

Sikumuitikia. Shikamoo ya mtu imebaki kwangu.

Jumatano, mwezi ishirini

Tumesoma kisomo, gari limefukizwa. Matano kala sahani mbili.

Alhamisi, mwezi ishirini na moja

Kikohozi kafanya kazi alasiri, na breki nzuri. Watu wanasema ni kile kisomo, au husda imeondoka, au ile hila ya fundi imeharibika. Mie nasikiliza tu. Baba yako analala na jasho.

Jumamosi anapeleka wachumaji shambani, watu thelathini kwenye tela, alfajiri. Mdogo wako Mwatima yumo. Njia ya kwenda shamba la pili la Mzee Jaribu inapanda Mkungu Mmoja kwa upande huu na kuushuka kwa upande ule, hujaisahau. Nimemwambia asiende, kaniambia, "Bibi, nimeshatafuta pakacha."

Ijumaa, mwezi ishirini na mbili

Sikulala. Hakuna jambo. Siku hizi hili neno hakuna jambo naliandika na silisadiki.

Jumamosi, mwezi ishirini na tatu

Sasa ni mchana na nimekaa. Nitakuandikia kwa utaratibu.

Niliposali alfajiri magoti yalikataa kuniinua. Baridi ya leo ilikuwa ya kung'ata. Nikaichukua chupa ya mafuta ya nazi nijichue. Nikaigeuza, hayatoki. Nikaipiga kitako, hayatoki. Yameganda, meupe, yameshika shingo ya chupa. Kila kipupwe yanaganda hivi, na kila asubuhi naiweka chupa kando ya moto, jua likipanda yanayeyuka yenyewe. Miaka sitini nafanya hivyo bila ya kufikiri. Leo nilibaki nimeshika chupa.

Ngumu kama jiwe, alisema. Alfajiri. Na mchana inashika. Na alasiri inashika.

*Ya kulainishia.*

Kazija, sikuvaa viatu. Sikujitanda sawasawa. Nilitoka na chupa mkononi, na magoti yale yale yaliyokataa kuinuka yakakimbia. Kikohozi alikuwa keshawaka. Alikuwa keshaanza kusogea, tela nyuma imejaa wanawake na mapakacha yao wanaimba, na Matano kajibanza katikati. Nilikata kwa uchochoro wa kwa Bimkubwa nikatokea mbele, nikasimama katikati ya njia.

Alinipigia honi. Sikuondoka. Akasimamisha gari kwa gia na kwa ule mwinuko, si kwa breki, nililiona hilo.

"Mama! Toka njiani!"

"Shuka."

"Watu wanachelewa!"

"Shuka, Khatib, au nipite juu yangu, utakuwa umeniondolea magoti haya."

Akashuka. Nikaigeuza chupa mbele ya uso wake, kichwa chini. Hata tone.

"Bibi katuletea biashara ya mafuta!" Matano akapiga kelele kutoka kwenye tela, na watu wakacheka.

Baba yako hakucheka. Aliitazama chupa. Nikaona anaelewa, kama unavyoona mtu anapokumbuka kuwa kaacha mtoto kisimani. Nikamwambia kwa sauti ndogo, yake na yangu tu, "Uliyatia wapi mafuta yangu?"

Akageuka kuitazama tela.

"Kuna watu thelathini pale, na mwanao yumo. Uliyatia wapi?"

"Mama, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani nilimtukana mtu mbele ya watu, nawe unanitazama. Tutazungumza hapa hapa."

Aliyeshuka wa mwanzo ni Mwatima. Aliruka kutoka kwenye tela na pakacha lake, akaja akasimama upande wangu, hakuuliza kitu. Naye tabia kakufuata wewe, yule mtoto. Kisha wakashuka wanawake wawili, watatu. Wimbo umekwisha.

Baba yako akarudi kwenye gari. Nilidhani anapanda. Akaingiza mkono akazima mashine. Tukasikia umande unadondoka.

"Nimetia mie," akasema. Kisha akageuka, akasema tena kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya tela. "Mafuta ya nazi, kwenye breki, nimetia mie. Mabruki alinikataza kuvuta mpaka yaje ya Unguja. Sikungoja. Mchana nilipojaribu yalikubali, nikadhani yamekubali. Na aliposema afungue nikamkataza, kwa sababu angeyaona. Fundi hana kosa. Nimekosa mie."

Wale wanawake hakuna aliyecheka. Mmoja akasema, "Alhamdulillahi umesema kabla ya mlima," wakatwika mapakacha yao wakaenda kwa miguu.

Haya, Kazija. Neno ulilosubiri miaka mitatu kalisema mbele ya watu thelathini, na wewe hukuwepo kulisikia. Nimekushuhudilia mie.

Nami langu nalisema. Nilijua kuwa mafuta yale nimempa. Siku ile ya damu nilikumbuka kila neno la Matano, lakini chupa niliyoitoa kwa mkono wangu sikuikumbuka. Mtu akitaka wa kumlaumu, haangalii jikoni kwake.

Jumapili, mwezi ishirini na nne

Tumekwenda Chake, mie na baba yako, kwa miguu. Sikutaka kwenda faraghani. Nilingoja Mabruki atoke msikitini, baraza imejaa, nikasema nilichosema kwa sauti ile ile niliyomtukania. Baba yako akasema lake. Mabruki alisikiliza akiwa kasimama.

"Mafuta ya nazi," akasema mwisho. "Nimeona watu wakilipikia gari mambo mengi, hili bado." Watu wakacheka, yeye hakucheka sana.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Ile ya Jumanne. Nilikuwa sijaiitikia."

Akatikisa kichwa. Hakusema yamekwisha, na sikumuomba aseme.

Jumatano, mwezi ishirini na saba

Meli imefika. Mabruki kaja na makopo ya mafuta ya breki, kafumua magurudumu yote. Vile vipira vya ndani vimevimba kama mbaazi zilizorowekwa. Kamuonyesha baba yako kimoja kimoja, akamwambia avishike kwa mkono wake. Kavibadilisha vyote, kafunga. Kisha kaweka sharti: kuanzia leo, kila mlima, juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, gari lisimame, na breki ikanyagwe mara tatu watu wakiwa wanatazama. Dereva asiyetaka, gari lake asimletee.

Nilimpelekea pilau. Sahani imerudi imeoshwa, tupu. Unajua maana yake hapa kwetu sahani kurudi tupu: mtu hajakusamehe bado.

Jumatatu, mwezi tisa Mfunguo Tano

Nimepeleka sahani ya tatu. Imerudi tupu. Nitapeleka ya nne, mchele bado upo.

Matano kasema, "Bi Mwanamize, unajidhalilisha." Nikamwambia kahawa imekwisha, na kwake yeye imekwisha mpaka Ramadhani.

Ijumaa, mwezi ishirini

Sahani imerudi na ndimu sita ndani. Nimekaa ukumbini nikalia kama mtoto, kisha nikazitia chumvi.

Jumatano, mwezi tatu Mfunguo Sita

Karafuu zinaelekea ukingoni. Kikohozi kavuta tela msimu mzima, na mlimani watu hawashuki tena kumsukuma. Juu ya Mkungu Mmoja baba yako anasimama. Wachumaji wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hata Matano anahesabu, kisha ndipo anaachia. Mie bado nasikiliza kila alfajiri mpaka ngurumo ipite kona. Nadhani nitasikiliza hivyo mpaka nife, na si kosa la gari.

Karatasi inakwisha. Nilisema utalisoma hapa ukumbini, lakini daftari nalituma kwa boti. Sasa sikiliza, na usinifanye nirudie. Boti ya Tanga ikikushusha Wete, usipande basi. Baba yako atakuwa pale na Kikohozi. Kaa mbele, ubavuni mwake, usimwambie habari za miaka mitatu, mwambie habari za njia. Mkifika juu ya Mkungu Mmoja akisahau kusimama, kwa furaha ya kukuona anaweza kusahau, wewe mshike mkono, mwambie, "Baba, simama." Mhesabie mpaka tatu. Kisha shukeni.